Fildi ndiyo usaili wenyewe: mwongozo wa kutafuta kazi ukiwa bado chuoni Mwanza

Kiwanda cha samaki ninachofanyia kazi, upande wa hesabu, kiliwahi kutafuta wasaidizi wawili wa stoo. Tangazo lilikuwa karatasi moja tu iliyobandikwa getini. Ndani ya wiki moja bahasha za kaki zilijaza boksi zima, na mimi nikawa mmoja wa waliopewa kazi ya kuzipitia. Naona aibu kusema, lakini hatukufika hata nusu. Meneja aliingia, akatazama lile boksi, akauliza, "Yule kijana wa fildi aliyetupangia kadi za stoo yuko wapi siku hizi?" Akapigiwa simu. Nafasi ya pili ikaenda kwa binti aliyefanya fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, kwetu mwaka uliotangulia. Bahasha zilizobaki zilikaa pale mpaka mtu wa usafi akauliza kama azitupe.

Sisemi ni haki. Nasema ndivyo mambo yanavyokwenda, na afadhali ulijue hilo ukiwa mwaka wa kwanza kuliko ukiwa na joho mgongoni. Nchi kama India kampuni huja na mitihani yao hadi chuoni, na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaweza kuondoka na barua ya ajira kabla ya mahafali. Kwetu, uwe chuo cha Malimbe au cha Nyegezi, siku ya kampuni kutembelea chuo mara nyingi huishia kwenye mahema, vipeperushi na kalamu za bure. Mlango wetu ni fildi. Wanafunzi wengi wa shahada ya miaka mitatu hupata fildi mbili, likizo ya mwaka wa kwanza na ya mwaka wa pili, na wengi huzitumia zote mbili kutafuta mhuri tu.

(Ndugu zetu wa udaktari na uuguzi wana mizunguko yao ya wodini na mwaka wao wa utarajali. Mengi ya hapa hayawahusu, isipokuwa makaratasi na mkataba.)

Hatua ya 1: Tembea kabla ya kuandika barua

Watu huomba fildi benki na halmashauri kwa sababu ndizo ofisi wanazozijua. Matokeo yake ofisi moja inapokea vijana kumi na watano, viti viko vitatu, na kazi ya wote ni kutumwa kutoa kopi. Chukua siku mbili uzunguke.

Viwanda vya samaki viko kando ya ziwa, kuanzia Igogo hadi Ilemela. Usidhani vinahitaji watu wa uvuvi peke yao: vina stoo, maabara, mafundi wa majokofu, ugavi, hesabu na watu wa nyaraka za kusafirisha nje. Nyakato kuna viwanda vya kila namna. Bandari na meli zinahitaji watu wa ugavi na usafirishaji. Vinu vya kuchambua pamba hapa na kuelekea Simiyu na Shinyanga huchangamka baada ya msimu wa kununua kufunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, maana yake wakati wa likizo yako ndefu wao wako kwenye pilikapilika na wanahitaji mikono. Ufugaji wa samaki kwa vizimba umeongezeka ziwani, na wafugaji wengi hawana mtu wa kuwawekea kumbukumbu za chakula na vifo vya samaki. Ukiwa mtu wa sayansi, TAFIRI (utafiti wa uvuvi) na NIMR (utafiti wa magonjwa ya binadamu) zote zina vituo hapa Mwanza.

Kuna migodi pia, Geita, Bulyanhulu na North Mara. Hapo kosa la kawaida ni kuandika barua kwa mgodi wenyewe na kuishia hapo. Ndani ya uzio wa mgodi kuna wakandarasi: wa chakula, wa usafirishaji, wa uchorongaji, wa ulinzi, wa usafi. Hao wana ofisi zao na hawapati barua nyingi. Hivyo hivyo kwa ujenzi wa reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341: mkandarasi mkuu ana msururu wa wakandarasi wadogo nyuma yake.

Mwisho wa siku mbili uwe na orodha ya sehemu nane, na kwa kila moja jina la idara unayotaka. "Naomba nafasi ya fildi katika kampuni yako" ni barua ya mtu asiyejua anakokwenda. "Naomba nafasi katika kitengo cha ugavi, hasa mapokezi ya bidhaa na kumbukumbu za stoo" humfanya anayeisoma ajue moja kwa moja ampelekee nani.

Hatua ya 2: Barua, na namna ya kuifikisha

Kama fildi inaanza Julai, barua zitoke Februari au Machi. Aprili si mbaya. Juni umechelewa, utapata ulichobakiziwa.

Chukua barua ya utambulisho chuoni, iambatanishe na yako ya ukurasa mmoja, na uipeleke mwenyewe. Barua pepe tuma pia, lakini usiitegemee peke yake. Getini, mlinzi ndiye mtu wako wa kwanza. Kama ni mzee wa Kisukuma na ni asubuhi, "mwangaluka, baba" itakufikisha mbali kuliko shati lako jeupe. Muulize taratibu nani hupokea barua na siku gani mkubwa huwepo.

Kwenye ofisi ya serikali barua hupitia masjala. Nenda na nakala mbili, moja wagonge mhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Baada ya wiki mbili rudi na ile nakala. Hutakuwa unasumbua, utakuwa unafuatilia barua yenye tarehe. Kampuni binafsi haina masjala ya hivyo, kwa hiyo andika jina la aliyeipokea na siku. Nimeona barua nyingi zikipotea kwa sababu mwenyewe alipoulizwa "ulimpa nani?" alijibu "dada mmoja hivi".

Hatua ya 3: Ndani ya fildi

Hapa ndipo nitakapokaa kwa muda.

Chukua mfano wa fildi ya wiki nane. Toa Jumamosi na Jumapili, unabaki na siku 40. Wiki ya kwanza usijionyeshe. Jifunze majina, kuanzia mama wa chai hadi msimamizi wa zamu, ujue nani huidhinisha nini na karatasi gani hutoka wapi kwenda wapi. Chora njia ya karatasi hiyo kwenye daftari lako: samaki kapokelewa, kapimwa, hati imeandikwa na nani, nakala ya njano inakwenda wapi. Mtu akikuona unachora hivyo hakutumi tena sigara.

Kuanzia wiki ya pili tafuta kazi inayokimbiwa. Kila ofisi inayo. Kwetu ilikuwa stoo ya vipuri. Yule kijana aligundua kwamba beringi moja ilikuwa na majina matatu kwenye kadi tatu tofauti, kulingana na fundi aliyeiandika. Kwa hiyo kadi moja ilipoonyesha sifuri, tuliagiza nyingine, huku zipo kwenye rafu ya pili. Hakuambiwa afanye lolote. Aliomba ruhusa kwa mkuu wa stoo, akapanga orodha moja kwenye Excel, akapitia rafu kwa rafu kwa wiki tatu. Wakubwa hawakukumbuka GPA yake. Walikumbuka pesa zilizokuwa zimelala kwenye rafu.

Angalia neno moja hapo: aliomba ruhusa. Wapo wanaokuja na moto wa chuoni, siku ya nne wanamwambia mtu wa miaka ishirini kazini kwamba mfumo wake umepitwa na wakati. Huenda ni kweli. Lakini huyo ndiye atakayejaza fomu yako ya tathmini. Sema, "Mzee, ningependa kujaribu kuzipanga hizi pembeni, uzitazame kama zinafaa."

Shajara ya fildi ijaze jioni ya siku ile ile, si usiku wa kuamkia kukabidhi. Na iwe na idadi. "Nilisaidia kazi za ofisi" haimwambii mtu kitu. "Nililinganisha hati 212 za mapokezi na leja, nikakuta 9 hazifanani, 6 zikarekebishwa" ni sentensi itakayokwenda moja kwa moja kwenye CV yako na baadaye mdomoni mwako kwenye usaili. Ukitoka fildi bila namba hata moja, umetoka na mhuri.

Kuhusu simu: kijana mmoja aliondolewa siku ya tatu kwa kurekodi video kwenye chumba cha kuchakata minofu na kuiweka kwenye status. Hakuwa na nia mbaya, alitaka mama yake amwone na koti jeupe. Kiwanda cha chakula kinachouza nje hakichezi na picha za ndani, na benki au hospitali ndiyo kabisa.

Wiki ya mwisho omba vitu vitatu. Kwanza, barua ya kumaliza fildi inayotaja kazi ulizofanya. Barua inayosema tu "alikuwa nasi kuanzia tarehe fulani" haitoshi. Ukiombwa uiandike mwenyewe ili wasaini, shukuru na uiandike vizuri. Pili, ruhusa ya kumweka msimamizi wako kama mdhamini kwenye CV, pamoja na cheo chake kamili na namba anayopokea kweli. Tatu, ruhusa ya kumpigia mara moja moja.

Hiyo ya tatu itumie kwa busara. Mwezi Desemba salamu za sikukuu. Ukimaliza mtihani wa mwisho, ujumbe: "Shikamoo mzee, nimemaliza salama, nasubiri matokeo. Ile orodha ya vipuri bado inatumika?" Hujaomba kazi, lakini amekumbuka.

Hatua ya 4: Makaratasi, mwaka mzima kabla

Kazi nyingi za serikali huombwa kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ule tunaouita Ajira Portal. Dirisha la tangazo mara nyingi huwa la wiki mbili hivi. Mwenye makaratasi tayari anahitaji jioni moja. Asiye nayo, wiki mbili hazimtoshi hata kusafiri kwenda shule aliyosoma.

Anza na majina. Kanda yetu ina ugonjwa wake hapa. Cheti cha kuzaliwa kinasema Ng'wandu, cha kidato cha nne Mwandu, na kitambulisho cha NIDA kimeandikwa Mwando kwa sababu aliyekuwa anachapa siku ile alisikia hivyo. Nyumbani ni mtu yule yule. Kwenye mfumo ni watu watatu. Weka vyeti vyote mezani, soma herufi kwa herufi. Kosa la NIDA lipeleke ofisi ya NIDA ya wilaya yako mapema. Tofauti ya majina kwenye vyeti hutatuliwa kwa hati ya jina (deed poll) inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati, si kwa kiapo cha haraka cha kibanda cha steshenari.

Angalia pia namba ya NIDA yenyewe. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Kama hazilingani na cheti cha kuzaliwa, afadhali uligundue leo.

Halafu vyeti halisi. Matangazo ya serikali hukataa karatasi za matokeo ya kidato cha nne na cha sita, wanataka cheti chenyewe. Na cheti cha wengi kiko kabatini kwa mkuu wa shule Sengerema au Magu, hakijachukuliwa tangu siku ya kumaliza. Likizo moja ya Krismasi inatosha kukifuata.

Skani kila kitu kwa mashine, si kwa kupiga picha juu ya kitanda na shuka la maua likionekana pembeni. Kila cheti faili lake la PDF, lenye jina linaloeleweka. Hifadhi kwenye barua pepe yako, kwa sababu flashi ya steshenari hupotea na virusi vyake haviishi. Fungua akaunti ya Ajira Portal ukiwa bado unasoma, jaza sehemu zote unazoweza, na nywila iandike mahali. Barua ya maombi iwe na sahihi yako. Watu huondolewa kwa kukosa sahihi, inauma.

Hatua ya 5: CV

Kurasa mbili. Juu jina, simu, barua pepe ya mtu mzima yenye jina lako. Kisha elimu, kisha fildi na kazi, kisha ujuzi, kisha wadhamini watatu, ambao angalau mmoja awe wa fildi. Uzito uko kwenye fildi: mistari minne yenye namba zile za shajara. Futa "mchapakazi, mwaminifu, naweza kufanya kazi chini ya shinikizo". Kila mtu kaandika hivyo, mwizi pia.

Kama uliuza dagaa na mama yako Mwaloni Kirumba wakati wa likizo, andika. "Nilisimamia mauzo ya jumla ya dagaa, wastani wa magunia 15 kwa wiki, na kuweka hesabu za wadaiwa" ni uzoefu wa kazi kuliko cheti cha semina ya siku moja. Weka idadi yako ya kweli tu, maana utaulizwa.

Hatua ya 6: Usaili

Serikalini kwa kawaida unaanza na mchujo wa kuandika, kisha mahojiano, na kwa kada fulani kuna wa vitendo katikati. Kwa mchujo, soma majukumu yaliyoorodheshwa kwenye tangazo na ugeuze kila jukumu kuwa swali. Soma pia sheria iliyoanzisha taasisi hiyo. Anayefaulu mahojiano lakini nafasi zikajaa huweza kuwekwa kwenye kanzidata na kuitwa baadaye, kwa hiyo usibadilishe namba ya simu ovyo.

Kampuni binafsi huuliza kazi yenyewe. Kiwanda cha samaki kitakuuliza sangara wa chini ya urefu gani haruhusiwi (sentimita 50), barafu inafanya nini kabla samaki hajafika mezani, HACCP, ule mfumo wa usalama wa chakula, inazuia nini. Mhasibu ataulizwa usuluhishi wa hesabu za benki na risiti za EFD, zile mashine za kodi. Mtu wa ugavi atapewa kisa: bidhaa zimefika pungufu na dereva ana haraka, unasaini nini?

Jopo linaweza kukusalimia kwa Kiswahili, mkacheka, halafu likahamia Kiingereza bila taarifa. Jizoezeni watatu watatu jioni, mmoja aulize, mmoja ajibu, mmoja ashike saa. "Tueleze kuhusu wewe" isizidi dakika moja na nusu, na usianzie kijijini ulikozaliwa. Jina, unasoma nini, fildi ulifanya wapi na ulitatua nini, kwa nini uko hapa leo. Ukikwama, sema hujui na ueleze ungeulizia wapi. Jopo lina wazee waliosikia uongo wa kila rangi.

Nguo: Mlango Mmoja utapata shati na suruali nzuri za mtumba, fundi cherehani akazipunguza. Usinunue suti ya mkopo.

Usaili wa Geita saa mbili asubuhi zamani ulikulazimu kulala huko kwa kuhofia foleni ya kivuko. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 unaweza kutoka Mwanza alfajiri. Panda gari la kwanza hata hivyo, la pili husubiri abiria.

Matapeli

Kwa kifupi. Ukiambiwa utume pesa ya fomu, ya vipimo vya afya, ya sare au ya "kumwona bosi", usitume. Kanuni za mwaka 2014 zinamkataza wakala binafsi wa ajira kumtoza mtafuta kazi. Tangazo la kazi ya serikali lihakikishe kwenye Ajira Portal, si kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Hatua ya 7: Soma mkataba ukiwa umekaa

Ukiulizwa unataka mshahara kiasi gani, jua kwanza kama mnazungumzia kabla ya makato au baada. Chukua mshahara wa msingi wa shilingi 700,000 bila posho. Mchango wako wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wa asilimia 10 ni 70,000. Inabaki 630,000 ya kukatwa kodi. Kodi ya mapato ya ajira haigusi 270,000 za kwanza. Kuanzia hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, yaani 20,000, na zile 110,000 zilizozidi ni asilimia 20, yaani 22,000. Kodi jumla 42,000. Kama ulisomeshwa kwa bumu, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 105,000. Mkononi unabaki na 483,000. Sasa toa chumba Mkolani, daladala na chakula cha mchana, ndipo ujibu.

Kwenye karatasi tafuta: cheo na kazi zako, aina ya mkataba na tarehe ya mwisho kama ina ukomo, muda wa majaribio (usizidi miezi 12), saa za kazi (kawaida 45 kwa wiki, zaidi ya hapo ni saa za ziada zenye malipo ya mara moja na nusu), likizo ya siku 28 kwa mwaka, na notisi. Muulize mwajiri namba yako ya uanachama wa NSSF mwezi wa kwanza, kisha baada ya miezi mitatu uhakikishe michango inaingia kweli. Wapo wanaokata na hawapeleki, na nimewahi kukatwa hivyo mahali fulani kabla sijajua kuuliza.

Usisaini karatasi yenye nafasi tupu. Sainini nakala mbili, moja uondoke nayo siku hiyo hiyo. Halafu, kabla hujawatangazia marafiki, mpigie yule msimamizi wa fildi aliyekudhamini. Asisikie kwa mtu mwingine.